Sura ya Saba: Rose Mbowa, Mwalimu wa Jukwaa

Mwaka 1995, katika Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Kampala, mama mchuuzi aliingia jukwaani na mkokoteni wake na wanawe watatu. Vita vimepamba moto, majeshi yanahama mji hadi mji, na yeye anayafuata akiuza pombe, viatu, mikanda, chochote anachokihitaji askari. Hana upande anaoupenda. Anachotaka ni kuuza na kuwalinda wanawe, na vita vinawachukua wote, mmoja baada ya mwingine. Mwana wa pili anapokamatwa, mama anaambiwa anaweza kumkomboa kwa fedha. Anaanza kupatana bei. Anavuta, anapunguza, anapiga hesabu atabaki na nini, na kabla hawajaelewana risasi zinasikika. Baadaye wanamletea maiti na kumwuliza kama anamfahamu. Akikubali, naye atakamatwa. Anatikisa kichwa.

Mchezo huo uliandikwa mwaka 1939 na Mjerumani Bertolt Brecht, wakati akiwa amekimbia utawala wa Hitler, na kisa chake ni cha vita vya miaka 30 vilivyoiteketeza Ujerumani katika karne ya 17. Jessica Kaahwa wa Chuo Kikuu cha Makerere aliutia katika Kiganda, ukaitwa Maama Nalukalala n'Ezzadde Lye, yaani Mama Nalukalala na Wanawe. Aliyecheza nafasi ya mama yule alikuwa Rose Mbowa, mwalimu wa uigizaji wa chuo hicho hicho, mwanamke wa miaka 52.

Naanza na mama huyu kwa sababu msomaji wa Beni na Butembo, huku kwetu mashariki ya Kongo, anamjua. Amemwona njiani. Bidhaa zetu hupita mpaka wa Kasindi kwenda na kurudi Kampala, na wenye mizigo huulizia kwanza kama barabara ni salama, kisha husafiri hata wakijibiwa kwamba si salama, maana ada ya shule ya watoto haingoji amani. Brecht aliandika juu ya watu wasioachana na biashara hata vita vinapowala. Kampala ya mwaka 1995, iliyokuwa imetoka katika miaka ya utawala wa Idi Amin na vita vya Luwero, ilielewa bila kufafanuliwa. Sisi pia tunaelewa. Swali la sura hii ni hili: mtu hufikaje mahali ambapo anaweza kusimama mbele ya watu wake na kuwaonyesha jambo zito hivyo, kwa lugha yao, nao wakakaa wakalitazama hadi mwisho? Maisha ya Rose Mbowa yanajibu.

Gayaza, Makerere, barabarani

Alizaliwa mwaka 1943. Alisoma Gayaza, shule ya wasichana iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905, kaskazini ya Kampala. Shule za namna hiyo ziliwapa wasichana wa Uganda elimu bora iliyokuwepo, na ziliitoa kwa Kiingereza. Mashairi ya kukariri yalikuwa ya Kiingereza, michezo ya kuigiza pia. Ngoma za nyumbani zilitazamwa kama mambo ya upagani, yasiyomfaa binti aliyesoma. Wazee wetu waliopita mikononi mwa mapadri wanaifahamu hali hiyo: ngoma ya kwenu uliiacha kwenye lango la misheni.

Miaka ya 1960 Mbowa akaingia Makerere. Chuo hicho kilikuwa kitovu cha waandishi wa Afrika Mashariki. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alihitimu hapo mwaka 1964. Lakini kilichomtengeneza Mbowa kuwa msanii hakikuwa darasani pekee. Mwaka 1965 walimu wawili wa Makerere, David Cook na Betty Baker, waliwapakia wanafunzi kwenye gari wakati wa likizo na kuzunguka nao Uganda na Kenya wakionyesha michezo mifupi. Kundi hilo liliitwa Makerere Free Travelling Theatre. Walicheza katika kumbi za miji, na palipokosekana ukumbi walicheza uwanjani. Walikuwa na michezo ya Kiingereza, na pia ya Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine za Uganda, ili kila mahali watu wapate kitu wanachokisikia moja kwa moja.

Rose Mbowa alikuwa miongoni mwa waigizaji wa safari hizo. Tufikirie somo alilolipata. Katika ukumbi wa chuo mtazamaji hukaa kimya na kupiga makofi mwishoni. Sokoni mtazamaji amesimama, ana mzigo kichwani, ana mtoto mgongoni, na hana sababu ya kubaki usipomshika. Akichoka anaondoka. Akifurahi anamjibu mwigizaji kwa sauti, anamwonya mke kwamba mumewe anadanganya, anamcheka mwizi kabla hajaiba. Mwigizaji aliyelelewa na hadhira hiyo hujifunza kwamba mchezo hufanywa na pande mbili.

Baadaye alikwenda Uingereza, akasomea sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Leeds. Wasanii kadhaa wakubwa wa bara letu wamepita pale: Wole Soyinka wa Nigeria, Ngũgĩ mwenyewe, na baadaye Amandina Lihamba wa Tanzania, mwigizaji na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni jambo la kutafakari kwamba Ngũgĩ na Mbowa, waliokwenda mbali kusoma kwa Kiingereza, ndio waliorudi na kupigania jukwaa la Kikikuyu na la Kiganda. Waliijua nyumba ya mgeni vizuri, na walijua ni nini hakikuwemo ndani yake.

Kufundisha sauti katika mji unaonyamaza

Mwaka 1971 Makerere ilianzisha idara ya muziki, ngoma na maigizo. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Idi Amin alitwaa madaraka. Mambo hayo mawili yalikua pamoja: idara inayofundisha vijana kusema mbele ya watu, na serikali inayowaua watu kwa kusema.

Mtu wa kukumbukwa hapa ni Byron Kawadwa, mtunzi na mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa. Mchezo wake wa muziki, Oluyimba lwa Wankoko, ulitumia kisa cha jogoo kuzungumzia utawala na mgogoro wa Buganda na Rais Milton Obote. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ulipelekwa Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Kawadwa aliporudi Kampala alikamatwa na watu wa Amin, akauawa. Watu wengine wa uongozi wa sanaa waliuawa mwaka huo huo. Robert Serumaga, mwigizaji na mtunzi mwingine mkubwa, alifariki Nairobi mwaka 1980. Katika miaka michache jukwaa la Uganda lilipoteza kizazi cha viongozi wake.

Rose Mbowa aliandika historia hiyo katika makala zake juu ya wasanii waliozingirwa na madikteta wa Uganda. Alionyesha jinsi watunzi walivyojifunza kuficha neno ndani ya kichekesho, ndani ya ngano, ndani ya wimbo, na jinsi watazamaji walivyojifunza kulifichua. Makala hizo ni kumbukumbu za thamani kubwa, maana waliofanya kazi chini ya Amin waliacha maandishi machache: karatasi ingeweza kumpeleka mtu kaburini.

Kwa hali hiyo, kazi ya mwalimu wa uigizaji ina uzito ambao watu hawauoni. Kwa mbali huonekana kama kazi ya kufundisha vijana kujifanya. Ingia darasani uone. Mwalimu huanza na pumzi. Mwanafunzi anasimama, miguu imeachana kidogo, mabega yameshuka, anavuta pumzi hadi tumboni na kuitoa kwa sauti moja ndefu, tena na tena, mpaka sauti ifike ukuta wa nyuma bila yeye kupiga kelele. Kisha hufundishwa kutazama: mtu akiogopa, mikono yake huenda wapi? Mama anayeficha njaa mbele ya mgeni huketi namna gani? Kisha hufundishwa kusikiliza, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mwigizaji mchanga husubiri zamu yake ya kusema, hasikii mwenzake anasema nini. Mtu aliyemaliza masomo hayo ana sauti isiyotetemeka, ana macho yanayoona, na ana masikio. Serikali ya kikatili haimpendi mtu wa namna hiyo.

Mama Uganda na ngoma za wanawe

Vita vya Luwero vilikwisha Januari 1986. Mwaka 1987 Mbowa alitoa kazi yake inayojulikana zaidi, Mother Uganda and Her Children: mama mmoja, wana wengi, kila mmoja na ngoma yake na ugomvi wake na ndugu zake. Maneno ni machache. Kisa hubebwa na muziki na ngoma za pande zote za nchi, ili mtazamaji wa kila kabila aione yake jukwaani na alazimike kuzitazama za wengine.

Kwa mtu wa nje, hayo yangeweza kuwa maonyesho ya utamaduni tu. Fikiria mwaka wenyewe. Nchi imetoka vitani, watu wa kusini wanawakumbuka askari wa kaskazini, na kaskazini vita vingine vimeanza. Katika darasa la Makerere kijana wa Kiganda anajifunza larakaraka, ngoma ya vijana wa Kiacholi wanaochumbiana: anashika nusu ya kibuyu mkononi na kukipiga kwa spoku za baiskeli, shingo na kifua vikifuata mdundo. Pembeni yake msichana wa Kiacholi anafunga ngozi kiunoni, anajifunza bakisimba ya Buganda, nyonga zikitembea huku mabega yametulia. Mwingine anainua mikono kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Huwezi kuicheza ngoma ya mtu vizuri huku unamdharau. Mwili utakataa, mdundo utakuacha. Ili uipate, lazima umwombe mwenye ngoma akurekebishe, naye akuguse bega akuambie, hapana, rudia. Hapo ndipo mwalimu anapofanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kulipima jambo hili kwa makini. Chini ya Mobutu tulikuwa na ngoma za kutosha. Miaka ya 1970 na 1980 wafanyakazi, wanafunzi na akina mama walikusanywa kwa vikundi vya uhamasishaji wa chama, wakafundishwa nyimbo, wakavalishwa vitambaa vyenye sura ya rais, wakacheza viwanjani ili kumsifu. Waliokuwa watoto wakati huo bado wanazikumbuka nyimbo. Hizo nazo zilikuwa ngoma za makabila yote zikichezwa pamoja. Tofauti iko wapi? Kwa Mobutu, ngoma zote zilimtazama mtu mmoja aliyeketi kivulini. Katika kazi ya Mbowa, wachezaji wanatazamana, wanagombana, na mama yao anaumia kwa ugomvi wao. Ngoma ya kwanza inafunika maumivu ya nchi. Ya pili inayaweka wazi ili yashughulikiwe.

Kurudi kijijini

Jambo ambalo Mbowa alilifundisha kwa bidii katika miaka yake ya mwisho ni michezo ya kuigiza kwa ajili ya jamii. Wazo lilikuwa likienea Afrika nzima. Botswana walianza mwaka 1974 kwa kampeni ya Laedza Batanani. Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu walijenga jukwaa lao na kuonyesha Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ikaupiga marufuku mchezo, ikamfunga Ngũgĩ wa Thiong'o bila kesi, na mwaka 1982 ikalibomoa jukwaa. Tanzania, Penina Muhando na Amandina Lihamba walikwenda na wenzao Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na vijana wa kijiji.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Waigizaji hufika kijijini na kukaa. Hawaji na mchezo mkononi. Wanasikiliza kisimani, kwenye pombe, shambani, mpaka wajue watu wanalia na nini. Kisha wanatunga kisa pamoja na wenyeji, na wenyeji wenyewe wanacheza. Kisa kinasimamishwa mahali pagumu, na watazamaji wanaulizwa: huyu mama afanye nini sasa? Mmoja anasema hivi, mwingine anapinga, wa tatu anaingia jukwaani kuonyesha. Mjadala ndio sehemu kubwa ya kazi. Uganda ya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa na hitaji kubwa la mijadala hiyo, kwa sababu ukimwi uliingia katika nyumba nyingi na wengi hawakuthubutu kuutaja. Jukwaa lilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo watu waliusikia ukisemwa kwa Kiganda, kwa sauti, mbele ya wakwe na majirani.

Hivyo tunarudi kwa Mama Nalukalala. Binti aliyekariri mashairi ya Kiingereza Gayaza amekuwa mwalimu wa wengi, na anaposimama kwenye jukwaa la taifa anacheza mchezo wa Ulaya kwa lugha ya mama yake, kama mchuuzi ambaye kila mtu Kampala amewahi kununua kitu kwake. Alifariki tarehe 11 Februari 1999, akiwa na umri wa miaka 56. Idara aliyoifundisha na kuiongoza bado ipo Makerere, leo ikiitwa ya sanaa za jukwaani na filamu, na wahitimu wake wamo redioni, kwenye filamu, mashuleni na katika vikundi vya vijijini kote Uganda.

Beni ina jukwaa, inakosa shule

Methali inasema mcheza kwao hutunzwa. Rose Mbowa alitunzwa kwao. Je, kwetu?

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Katika miezi hiyo watu wa huku walikataa kuamini wageni waliokuja na magari na mavazi ya kutisha, baada ya miaka ambayo walichinjwa usiku na hakuna gari lililokuja. Vituo vya matibabu vilishambuliwa Katwa na Butembo. Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Dawa na chanjo zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya watu na kuaminiwa. Vijana wa vikundi vya michezo walikwenda sokoni na kwenye vituo vya pikipiki, wakaigiza ndugu wanaogombania maiti, mgonjwa anayejificha, muuguzi anayeogopewa, kwa Kiswahili na Kinande. Walifanya kazi ya heshima. Lakini vikundi vinapoitwa wakati fedha ya mradi imefika, maneno ya kusema mara nyingi huwa yamekwisha kuandikwa mahali pengine, na mradi ukiisha kikundi hutawanyika. Hatua ya kwanza ya Mbowa, kukaa na kusikiliza, huwa haina bajeti.

Na watu wa Beni wanajua kutengeneza mchezo bila kuagizwa. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha kura za Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama. Tarehe 30, siku ambayo sehemu kubwa ya nchi ilipiga kura, watu wa Beni walijipanga foleni wenyewe. Waliweka masanduku. Waliweka maji, wakanawa mikono mmoja mmoja ili mtu asiseme ugonjwa ndio sababu. Wakachukua karatasi, wakachagua, wakatumbukiza, wakahesabu. Kura hizo hazikuingia katika hesabu ya taifa, na kila aliyesimama kwenye foleni ile alilijua hilo. Walisimama ili waonekane. Walichukua nafasi, wakatumia miili yao na vifaa vichache, wakaonyesha ukweli mbele ya macho ya nchi. Brecht angelitambua tendo lile. Mbowa angelitambua zaidi.

Kwa hiyo kipaji hatukosi, na hadhira hatukosi. Tunachokosa ni mwalimu anayebaki. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Beni ina chuo kikuu cha Kikristo cha lugha mbili, UCBC, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Tunawafundisha vijana wetu udaktari, sheria, kilimo, na ni vema. Tuwafundishe pia pumzi, macho na masikio. Mwanafunzi wa udaktari aliyepita darasa la uigizaji mwaka mmoja angejua kwa nini mama wa Katwa hamwamini, kwa sababu angewahi kusimama mahali pa mama huyo. Mwanafunzi wa Kinande angejifunza ngoma ya Mbuti, wa Mbuti angemrekebisha, na wote wawili wangetoka pale wakijuana zaidi ya walivyoingia.

Kumkumbuka Rose Mbowa upande huu wa Ruwenzori ni kumwajiri mwalimu wa uigizaji kwa mshahara wa kila mwezi, kumpa chumba chenye sakafu safi na wanafunzi ishirini, na kumwacha afundishe kwa Kiswahili na Kinande mwaka baada ya mwaka, janga liwepo au lisiwepo. Kuvuka hadi Kampala ni mwendo wa siku moja. Wafanyabiashara wetu huuvuka kutafuta bidhaa. Tuwatume na vijana wawili watatu wakalete kazi hii.